Baharia wa Chanika

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Handeni hapa stendi ya Korogwe akiwa na begi moja mgongoni na bahasha ya vyeti mkononi. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, na nyumbani kila mtu amekwishampangia kazi: mama yake anataka awe mwalimu, baba yake anataka awe bwana afya. Yeye alikuwa na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza mbele ya hao wawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Dada hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia. Mjomba, zile meli zinazokwenda bahari kuu kuchunguza kasa, mtu anaingiaje?"

Nilimwomba arudie. Akatoa simu akanionyesha video: meli nyeupe, watu waliovaa makoti ya rangi ya chungwa, kasa mkubwa kama meza ya sebuleni anapandishwa sitahani, anabandikwa kidude chenye antena mgongoni, kisha anarudishwa majini. Ameitazama, akasema, mpaka bando likaisha. Kijana mwenyewe ni wa Chanika, ndiyo Handeni mjini kwa wasiopajua, mahali ambapo foleni ya ndoo na punda wa kubeba madumu ni mambo ya kila msimu wa kiangazi.

"Unajua kuogelea?"

Akaitazama bahasha yake.

Sikumcheka. Nimeandika habari za Tanga kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe niliwahi kuomba nafasi ya kupanda meli ya utafiti nikaandike kilichomo. Barua yangu kwa ofisi moja ilijibiwa meli ikiwa imeshaondoka nchini. Kwa hiyo swali lake lilikuwa pia langu, na kabla ya kulijibu nilimpeleka darajani.

Mto unaopita Korogwe ramani inauita Pangani. Wazee wa hapa wengi bado wanauita Ruvu. Unatoka Kilimanjaro na Meru, unatulia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, unashuka ukiipita milima ya Upare na Usambara, unafika hapa ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, unazungusha mitambo ya umeme Hale na maporomoko ya Pangani, halafu unaingia Bahari ya Hindi penye mji unaoitwa kwa jina lake. Safari yote ni kama kilomita 500. Kabla ya kufika huko unamegwa: bomba kuu la Handeni, ule mradi wa miaka ya 1970 ambao kila mtu anaujua kwa herufi tatu za HTM, linayachota maji ya mto huu upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni. Yale yanayotoka bombani Chanika, siku yakitoka, ni maji yaliyokuwa njiani kwenda kwa kasa. Na Handeni inao mto wake, Msangazi, unaomwaga maji baharini kusini ya Pangani.

"Kwa hiyo usiniambie wewe ni mtu wa bara," nikamwambia.

Akacheka, lakini akauliza ni kwa nini basi mama yake akisikia bahari anakunja uso. Hilo halikuhitaji utafiti. Sisi ni Wazigua. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwasukuma watu wetu wakashuka pwani kutafuta chakula, na wengi wakaishia kuuzwa, wakapakiwa majahazini kwenda pwani ya Somalia. Vizazi vyao vikakaa bonde la Juba, wakilima, wakizungumza Kizigua kilekile. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia kule walikotoka babu zao, na makazi waliyopewa yapo Chogo, humuhumu wilayani Handeni. Kwa mama wa Kizigua, bahari ni mahali ambapo watu walikwenda na hawakurudi kwa zaidi ya miaka 150. Usimlaumu akitaka mwanawe ashike chaki.

Sasa meli. Ziko, na zimepita kwetu. Enzi za ukoloni na baada yake, shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa samaki wa baharini, lililokuwa na makao Zanzibar, lilikuwa na chombo chake kilichoitwa Manihine. Baadaye ikaja inayojulikana zaidi, Dr Fridtjof Nansen, meli ya Norway inayofanya kazi pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Imepewa jina la mpelelezi wa barafu za kaskazini aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922. Tangu 1975 zimekuwapo meli tatu zenye jina hilo, moja ikistaafu nyingine inashika zamu. Ya sasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina urefu wa mita 74.5 na maabara kadhaa ndani, na hupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, jambo linaloirahisishia kuvuka kutoka maji ya nchi moja kwenda ya nyingine.

Ile ya kwanza ilizunguka maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, ikipima samaki kuanzia kina cha mita 10 hadi 500. Matokeo yalijadiliwa katika semina Mbegani, Bagamoyo, Machi 1984. Miongoni mwa walioandika taarifa ile yumo Mtanzania Kamazima Lwiza, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya bahari katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York. Nilimtajia mpwa wangu jina hilo makusudi. Meli ya tatu nayo ilirudi kwetu mwaka 2018.

Lakini safari zile zilikuwa za samaki. Meli ya namna hiyo inapiga sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wa makundi ya samaki, inavuta nyavu, inachota maji ya kila kina na kupima chumvi, joto na hewa iliyomo. Kasa akionekana ni bahati ya aliyekuwa amesimama upande ule wa sitaha. Gharama ya siku moja ya meli kubwa ni ya kutisha, na serikali inayochangia itataka kwanza kujua kuna tani ngapi za kuvua. Silaumu. Nasema tu kwamba kijana wa Handeni asidhani kuna meli bandarini Tanga imeandikwa "Kasa" ubavuni, inasubiri abiria.

Je, kuna haja ya kumfuata kasa huko mbali? Hapa ndipo nilipomweka mpwa wangu chini, tukaagiza chai na chapati karibu na stendi, nikamweleza jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Karibu yote tunayoyajua kuhusu kasa wa Tanzania yametoka mchangani, na anayepanda mchangani ni jike anayekuja kutaga. Hukaa saa chache, akajifukia, akatokwa na machozi (ni tezi za jichoni zinazotoa chumvi ya mwili, halii kwa uchungu kama tulivyoambiwa utotoni), akarudi majini, naye hatatagia tena msimu mwingine mpaka ipite miaka miwili, mitatu au zaidi. Dume, akishatoka yaini na kukimbilia majini, kwa kawaida hakanyagi nchi kavu tena maisha yake yote. Na kifaranga akiingia kwenye mawimbi hupotea machoni kwa miaka; Archie Carr, Mmarekani aliyewatafiti kasa kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, aliuita wakati huo mwaka uliopotea, na tangu hapo imejulikana kwamba ni miaka, wala si mmoja. Carr huyohuyo, kabla ya setilaiti, aliwahi kuwafunga kasa maputo ya gesi ili awaone kwa mbali wanakokwenda. Mpwa wangu alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kwa hiyo aliyejifunza kasa ufukweni amejifunza wanawake peke yao, tena siku ya kujifungua. Anayetaka kujua dume, kasa kijana, mgonjwa na mwenye njaa, lazima aende majini. Mfano mzuri umetoka Australia. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga: karibu nyuzi 29 watoto huwa mchanganyiko, joto likizidi wanazaliwa majike. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kasa waliowakamata baharini, katika malisho ya kaskazini mwa Great Barrier Reef. Waliwapima damu na vinasaba, kwa sababu kasa kijana ukimtazama kwa macho hutambui ni dume au jike. Mkia wa dume hurefuka akishapevuka tu. Katika kizazi cha wadogo waliotokea fukwe za kaskazini, majike walikuwa zaidi ya asilimia 99. Ufukweni lisingeonekana hilo hata kwa miaka ishirini, maana ufukweni daima wanapanda majike.

Kazi yenyewe ya sitahani haina uhondo wa video. Watu wawili au watatu wanapanda juu kabisa ya meli, kila mmoja na upande wake, na darubini. Meli inakwenda kwa mstari ulionyooka uliopangwa kwenye ramani. Ukiona kasa unataja pembe, umbali, saa, hali ya mawimbi, na kama alikuwa akielea au akizama. Kasa huibuka kuvuta pumzi na kuzama tena upesi, kwa hiyo wengi mnapita juu yao bila kuwaona, na hesabu ya mwisho lazima iwakadirie hao pia. Upepo ukichafua maji, kazi inasimama. Baada ya nusu saa hivi macho yanachoka, mnabadilishana. Siku nzima unaweza kuandika mstari mmoja. Ukitaka kumkamata, unashuka kwenye boti ndogo, unamvizia akiwa juu, na mtu mmoja anajirusha majini kumshika gamba kwa mikono miwili. Hapo nilinyamaza nikamtazama mpwa wangu. Tulielewana.

Kesho yake tuliondoka alfajiri, Segera, Muheza, halafu ile barabara ya kushuka Pangani katikati ya mashamba ya mkonge. Tulivuka mto kwa kivuko hadi Bweni. Mpwa wangu aliegemea ukingo akitazama maji yaleyale ya chai ya maziwa yakigeuka kijani kidogokidogo, akachovya kidole, akalamba.

"Yana chumvi tayari."

Huo nao ni ugonjwa wa mto. Maji yanavyotumika zaidi huko juu, kwa umwagiliaji, mabwawa na miji, ndivyo bahari inavyopata nguvu ya kupanda mtoni, na wakulima wa karibu na mdomo wanaona chumvi mashambani.

Bodaboda zilitufikisha Ushongo. Nahodha tuliyekubaliana naye alikuwa mtu mzima, amevaa kikoi na fulana ya timu ya mpira iliyokwishapauka. Alimpa mpwa wangu jaketi okozi, akamtazama anavyolivaa, akalivua akamvisha upya. "Mwanangu umetoka wapi?" Handeni. "Ahaa. Karibu baharini. Leo bahari itakutoza kiingilio." Hatukwenda mbali kiingilio kikalipwa, mara mbili, upande wa chini ya upepo kama alivyoelekezwa.

Kisiwa cha Maziwe, tulichokuwa tukikiendea, kiko kilomita chache tu nje ya Ushongo, na kimekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975, katika za kwanza kabisa nchini. Siku hizi kukiita kisiwa ni heshima. Maji yakijaa vizuri kinazama. Yakipwa unatokeza mchanga mweupe katikati ya matumbawe. Zamani palikuwa na miti, mivinje hasa, na kasa walipanda kwa wingi; ndipo mahali palipojulikana sana Afrika Mashariki kwa kutaga kigome. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, mchanga ukaanza kuhamahama. Waliokuwapo wanataja kukatwa kwa miti, au mawimbi, au mambo yote mawili pamoja. Kasa hawana habari hiyo. Wanaendelea kupanda palepale walipopajua, wakitaga mayai ambayo bamvua ikija yatazama.

Ndiyo maana watu wa Ushongo wanayahamisha. Yule anayekagua kisiwa akikuta alama mpya za kasa, pana kama za tairi la trekta, anafukua taratibu, anayapanga mayai kwenye ndoo bila kuyageuza, anayapeleka bara upesi na kuyafukia kina kilekile. Haraka ina sababu: baada ya saa chache kiini hujishikiza kwenye ganda, na yai likipinduliwa hapo kifaranga anakufa. Kiota kimoja cha kasa wa kawaida kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Baada ya siku 50 hadi 60 mchanga unachemka, wanatoka, wanashuka majini wakifuata mwanga wa upeo wa bahari. Kusini zaidi, katika ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa wanataga bila kuhamishwa, na huenda usiku huohuo simba na tembo wako kilomita chache nyuma yao. Sijui hifadhi nyingine hapa nchini inayoweza kujisifu hivyo.

Taarifa za viota vya pwani yetu kwa sehemu kubwa zimekusanywa na shirika la Sea Sense, lililotokana na mradi ulioanza Mafia mwaka 2001. Njia yao haikuhitaji meli: mwanakijiji akiripoti kiota analipwa kidogo, na vifaranga wakitoka wengi anaongezewa. Wavuvi waliokuwa wakila mayai wakawa walinzi wa mayai. Nasema kwa heshima zote kwa wenye maabara zinazoelea: kwa hapa kwetu, ndoo na fedha ya kuripoti kiota vimeleta elimu kubwa kuliko chombo chochote chenye rada.

Nahodha alituhesabia kasa kwa majina kama mtu anayetaja wajomba zake. "Kasa wenyewe, wa kawaida, ndio hawa wanaokula majani. Ng'amba ana mdomo kama kasuku. Kigome mdogo. Duvi kichwa kikubwa. Noa hana gamba, ana ngozi, huyo ni wa mbali." Wanasayansi wanahesabu haohao watano. Siku hizi kasa na ng'amba ndio wanaotaga kwetu; duvi na noa ni wapita njia. Duvi waliofungwa vibati vya namba kwenye vikono huko kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako uwekaji alama ulianza mwaka 1963, wamewahi kunaswa na wavuvi wa Tanzania. Hebu fikiria kibati hicho: kimepigwa na mtu asiyejua Kiswahili, kikasafiri maelfu ya kilomita, kikasomwa na mvuvi ambaye hana habari ya jimbo hilo la Afrika Kusini, kisha namba ikarudishwa kwa posta. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa setilaiti.

Na ng'amba ndiye aliyeiweka pwani hii kwenye maandishi ya dunia. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na bidhaa zake mbili: pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kuna wanahistoria waliodhani Rhapta ilikuwa karibu na mdomo wa mto huu wa Pangani. Kama ni kweli, basi pembe zilishuka kwa njia yetu, Handeni na Korogwe, na magamba yalipanda kutoka hapa tulipokuwa tumekaa.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kumvua kasa. Hatari kubwa zaidi haina nia mbaya. Jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa, unamkamata kasa kama unavyokamata chochote. Akiwa ametulia anaweza kukaa chini muda mrefu sana. Akinaswa akahangaika, pumzi inakwisha upesi, na mvuvi asubuhi anavuta maiti. Nyama hiyo nayo si ya kuichezea: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa. Sumu hudhaniwa kuja na alichokula kasa mwenyewe, na moto wa jikoni hauiondoi. Nahodha aliposimulia habari ya Panza alishusha sauti, akaugeuza usukani wake wa mti bila sababu.

Tuliposhuka kisiwani nilimwacha mpwa wangu akitembea mchangani, nami nikamaliza hesabu niliyokuwa nikiifanya tangu Korogwe. Mlango wa bahari kuu ulio wazi zaidi kwa kijana kama yeye hauna uhusiano na meli nyeupe. Upo kwenye meli za uvuvi. Eneo letu la bahari la kiuchumi lina takriban kilomita za mraba 223,000, na leseni za kuvua jodari huko hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Fumba, Zanzibar. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoko Seychelles, inataka angalau asilimia 5 ya kazi za meli zenye urefu wa mita 24 na zaidi ziwe na mwangalizi ndani. Mwangalizi si baharia wala mvuvi. Analala meli ya watu, wiki kwa wiki, anaandika kila kilichopanda: jodari, papa, ndege, kasa. Meli za mishipi mirefu hutega maelfu ya ndoana, na kanuni inazitaka ziwe na vifaa vya kukata uzi na kutoa ndoana mdomoni mwa kasa. Zile za nyavu za kuzungushia ziwe na wavu wa mkono wa kumtoa. Kanuni ya karatasi inatimizwa au haitimizwi mbele ya macho ya mtu mmoja, na huyo ndiye mwangalizi. Asilimia 5 ni kidogo mno, kwa maoni yangu. Ina maana katika kila kasa 20 wanaonaswa, kwa hesabu ya kijinga ya mezani, 19 hawana shahidi.

Njia ya kufika hapo haina uchawi. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi za majini, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar tangu 1978. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa 1980, ndiyo huingia kwenye safari za meli kama Nansen. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye ofisi Zanzibar, hutoa ruzuku kwa watafiti vijana. Tatizo ni kwamba matangazo haya husomwa na walioko Dar es Salaam na Unguja, na kijana wa Chanika huyasikia kama mimi nilivyopata jibu la barua yangu, meli ikiwa imeng'oa nanga. Ajabu ni kwamba bara sasa limeunganishwa na bahari kwa njia nyingine kabisa: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linapita Handeni na Korogwe na kuishia Chongoleani, Tanga, zitakakofunga meli za kubeba mafuta. Mtu ambaye bomba limepita jirani na shamba lake la mahindi ana haki ya kujua linaishia kwenye maji ya nani.

Lakini meli yoyote utakayopanda, ya samaki, ya kasa au ya mafuta, itakudai kwanza cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama baharini. Hutolewa na vyuo kama kile cha bahari cha Dar es Salaam, DMI. Kuna kuzima moto na huduma ya kwanza. Kuna pia siku ya majini: unaruka kutoka juu ukiwa na jaketi okozi, unaogelea, unaligeuza boya la uokoaji lililopinduka, unapanda, na unaelea kwa muda bila jaketi. Nilimweleza haya tukiwa njiani kurudi bara, upepo umetulia. Alinisikiliza bila kusema.

"Mjomba, Handeni nitajifunzia wapi?"

"Hata Korogwe hapana. Mto una mamba."

Tulifika Ushongo maji yakiwa yamepwa. Nilikwenda kununua pweza wa kukaanga kwa mama mmoja chini ya mnazi, na niliporudi nikakuta viatu vya mpwa wangu mchangani, bahasha ya vyeti imewekewa jiwe. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji kati ya matumbawe, kina kama cha kifuani. Watoto watano, mkubwa wao labda wa darasa la nne, walikuwa wamemzunguka wakipiga kelele wote kwa pamoja.

"Lala chali, kaka! Lala kama umelala kitandani! Usikaze shingo!"

Akalala. Miguu ikazama, akameza maji, akasimama akikohoa. Kasichana kadogo kuliko wote kakamshika kichwa kwa viganja viwili, kakamwamuru atazame mawingu, kakaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kalipofika saba kakaondoa mikono.